Asilimia Arobaini na Tatu

Nilitaka iwe nyepesi, niitie roho nyingine;
ikagoma katikati, si hai si mfu,
nembo inawaka, inazima, inawaka.

Khaukha, fundi wa Mtaa wa Naboa, hakunicheka.
Alichomeka waya, akabana vitufe viwili kwa kucha:
"Usiiguse. Hata kupumua, pumulia kando."

Arobaini na tatu. Umeme wa Mbale ukakatika.
Kompyuta yake ikabaki na chaji ya kuombea dua.
Gizani tukautazama mstari wa kijani
ukitambaa, konokono aliyebeba nyumba yangu.

Ikaamka. Haina picha,
haina hata orodha ya wanaonidai
(Nambozo anaikumbuka kwa kichwa).
"Karibu," ikaniambia. "Chagua lugha."

Nikalipa elfu ishirini
kurudishiwa simu
isiyowahi kunijua.