Bei ya Miaka Themanini na Tatu

Barua ya bima ilifika Machi, theluji bado imeshika ngazi:
nyumba yako ni ya kale, tunataka cheti cha nyaya,
la sivyo, kuanzia Juni, ikiungua shauri yako.
Hawakuandika "shauri yako". Waliandika kwa adabu.
Lakini niliishi miaka hamsini na mchimba makaa,
naijua adabu iliyoficha sululu mgongoni.

Nikapiga simu. Akaja kijana wa viatu vyeupe,
Brent au Brett, jina lilimezwa na tabasamu.
Alikunywa chai yangu. Akasifu biskuti.
Kisha akauliza, kama fundi cherehani apimaye kiuno:
Unaishi peke yako, mama? Watoto wako mbali?
Nina themanini na tatu, nikamwambia,
na Lorna yuko Alberta,
nikaona kidole chake kikigonga kishikwambi mara mbili.

Hakugusa swichi. Hakusogeza friji.
Alimulika dari sekunde kumi, labda kumi na mbili,
akashuka na uso wa daktari aliyeona picha ya mapafu.
Ukaguzi kamili: dola elfu mbili mia tisa na arobaini,
kodi haimo.
Chini yake hatari kumi na saba,
kila moja na kialama chake chekundu cha moto.
Na mwezi huu tu, mama, kuna punguzo la wazee.

Punguzo.

Usiku ule nikasikiliza kuta.
Hilo ndilo sijamsamehe, si fedha:
nyumba niliyoizoea kama pumzi zangu
ikaanza kuninong'onia.
Nikachomoa redio, nikazima boila,
nikakaa na koti la Hector gizani,
nikinusa moshi usiokuwepo.

Joleen alinikuta hivyo asubuhi.
Nyumba zetu pacha, kampuni ya mgodi ilizijenga
siku moja, kwa mbao zile zile, nyaya zile zile,
zinagawana ukuta; akikohoa, namwambia pole.
Yeye ni nesi, ana miaka thelathini na minane.
Akapigia kampuni ile ile.
Mia tatu na kumi, kodi imo.

Ukuta mmoja, unene wa inchi nne.
Nikageuza bahasha ya bima nikapiga hesabu kwa penseli:
dola hamsini na nane na senti arobaini na nne
kwa kila mwaka niliomzidi Joleen.
Wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi.
Hawakusema na kulipa.

Aliyekagua mwishowe ni Corrine Denny wa Eskasoni,
mwanamke mfupi, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Alikataa chai mpaka amalize.
Saa mbili na nusu. Dola mia mbili na sitini.
Alisogeza friji peke yake, akaniita:
soketi imeungua, nyeusi kama kucha za Hector siku za Ijumaa.
Hiyo ingekuua, akasema, akaibadilisha.
Nikaitafuta kwenye zile kumi na saba.
Haimo.

Kisha akafungua boksi la fyuzi.
Ndani, mwandiko wa marehemu wangu, herufi zimelala upande mmoja:
jiko. ngazi. Lorna. pampu.
Na ya mwisho, imepigiwa mstari mara mbili:
Mae, usiguse.
Hii ni ya nini? Sijui, nikasema, sikugusa.
Tukacheka mpaka Joleen akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Mei, yule kijana akapiga simu. Punguzo linaisha Ijumaa, mama, umeamua?
Njoo, nikamwambia. Chai ipo.
Nitamwita na jirani yangu, tukae watatu,
utueleze huu ukuta.

Namsubiri bado.
Biskuti zimekauka kidogo.