Vilivyoanguka Sakafuni

Somoe amerudi likizo. Jana usiku,
umeme ulipokatika Langoni,
alichukua mkasi wangu bila ruhusa.
"Baba, ndoo utazame."

Akatandaza dhiraa moja ya melimeli,
akaiandika kwa chaki, pindo hadi pindo.
"Hii ni nakala ya jeni. Si yote yenye maana.
Hapa pana neno, hapa porojo, hapa neno tena."
Akakata vya katikati, akaviacha vianguke,
vilivyosalia akaviunga kwa pini:
mfuko wa kizibao.
"Ukikiruka na hiki, utapata ukosi.
Kitambaa ni kile kile."

Hilo nalijua. Miaka thelathini na minne
hajatokea mteja wa kuniuliza
vilikwenda wapi vilivyotoka.
Mamake huvifagia. Vingine hujaza mito,
vingine hutafunwa na punda wa Famau.

"Hata sisi tulivifagia," akasema,
akainama kuokota.
Kimoja kilikuwa kimejikunja chenyewe
kama kibanio cha nywele.
Akakipunguza, akakipunguza tena,
kikabaki na herufi ishirini na mbili,
fupi kuliko jina langu nikilitia la baba na la babu.
"Hiki hakiwi nguo kamwe.
Hiki hunyamazisha."

Mlango wa darini ulikuwa ukigonga,
kama ugongavyo tangu mwaka juzi.
Akapanda na tochi ya simu,
akakibana kati ya ubao na mwimo.

Kimya.
Nikasikia jirani akikohoa,
nikasikia saa yangu ya mkononi.

Aliposhuka alisema polepole:
"Ila ndani ya seli mikasi ni miwili.
Mmoja wa kuunga nguo, mmoja wa kutoa hiki.
Siku nyingine husaidiana.
Siku nyingine hukigombea kitambaa,
na mmoja ukiteleza, hata kwa uzi,
mlango wa kunyamaza hugonga usiku kucha,
na wa kugonga haugongi."

Nikamtaja Shekuwe, ndugu yangu,
na ule uvimbe wa shingoni.
"Ndiyo mambo hayo?"
Akazikusanya pini moja moja,
akazirudisha koponi.
"Sijui, baba. Bado twatafuta."

Leo nimechelewa kufungua.
Kuna kanzu yatakiwa kabla ya Ijumaa.
Nimekata shingo,
kile kiduara kikaanguka kama siku zote,
nami nikauondoa mguu
nisikikanyage.