Kodi ya Milima

Bibi Kabasinguzi aliniambia dirisha hili
linatazama Ruwenzori,
ndiyo maana chumba cha nyuma ni laki mbili na nusu
na hiki laki tatu.
Nikalipa miezi mitatu mbele, noti kwa noti,
kwa ajili ya milima.

Leo siku ya kumi na tisa.
Nje kuna ukungu, bati la karakana ya vitanda,
nguo za watu zisizokauka,
na ukungu tena.

Niliingia Fort Portal usiku.
Kijana wa bodaboda alipandisha godoro kichwani
hadi ghorofa ya tatu, likikwaruza kuta zote mbili,
mimi nyuma na birika, sanduku la spana,
na ungo wa mama uliojaa kandambili.
Akataka elfu tano. Akaona ninavyotetemeka, akachukua tatu.
"Utazoea," akasema.
Muuza mkaa naye kasema hivyo, na mlinzi,
na mhasibu wa hospitali.
Hakuna aliyesema lini.

Mimi ni fundi wa majokofu ya chanjo.
Kazi yangu kuilinda baridi isitoroke.
Kwetu Arua baridi ni kitu cha kutafuta:
unakifungia ndani, unakipimia nyuzi,
mbili hadi nane, unakiombea umeme.
Hapa inapanda ngazi peku,
inapita chini ya mlango,
inakalia kiti changu kimoja.
Jana nimepima chumba kwa kipimajoto cha kazini.
Kumi na nne.
Chanjo zingeharibika. Mimi nimo tu,
na soksi, na koti.

Mlango una siri yake: uinue kwa goti,
vuta, ndipo uzungushe ufunguo.
Hakunifundisha mtu. Goti limejifunza lenyewe, lina alama.
Mkono bado.
Usiku unapapasa ukuta wa kulia
ukitafuta swichi iliyobaki Arua.

Aliyekaa hapa kabla yangu
ameacha misumari kumi na mmoja,
harufu ya samli kabatini,
na kwenye fremu ya mlango mistari ya kalamu ya risasi:
Kusemererwa, Machi.
Kusemererwa, Agosti.
Kusemererwa, Machi tena.
Mtoto alikuwa anarefuka vizuri.
Mstari wa juu unanifika kiunoni,
kisha mbao tupu.
Nilinunua rangi nyeupe, nikapaka kuta zote,
hata nyuma ya bomba ambako haoni mtu.
Fremu nimeiruka.

Siku ya tatu, kweli, mgeni nikapewa jembe:
ufagio wa ngazi, zamu ya Jumatano.
Jirani wa mkabala, Bi Kyomuhendo,
akanisimamia na kikombe chake cha uji.
"Ezaru ni jina la kwenye barua. La mdomoni je?
Empaako yako nani?"
Nikasema sina.
Akashtuka kama nimesema sina figo.
Nitakusalimuje asubuhi, akauliza,
nitakutulizaje ukifiwa,
nikupigie makofi kama kuku?
Akanikagua kuanzia kandambili hadi kilemba,
kama mtu anayechagua nyanya sokoni Kabundaire.
"Abwooli," akasema.
Paka wake akageuka.

Mama amepiga simu. Anauliza kama nimeiona.
Nikasema ndiyo, mama, ni mikubwa,
nyeupe kule juu, kama ndani ya friza
fundi akisahau kuyeyusha barafu.
Akanyamaza. Kisha nikamsikia akimweleza mtu pale uani,
kwenye joto lile,
kwamba binti yake anaiona akiwa kitandani.

Nikasogeza pazia, huenda.
Bati.
Shuka la Bi Kyomuhendo, la tangu Ijumaa,
bado linadondosha maji.