Dirisha la Vilivyosahauliwa

Tangu mvua za Juni zianze nimepokea miavuli mia mbili na sita.
Meno ya bandia, seti moja, ndani ya kikombe cha karatasi.
Viatu vya watoto huja kimoja kimoja;
sijawahi kuletewa jozi.
Hapa Tennoji kioo changu kina tundu la kuongelea
na watu huinama kulifikia, kama wanaokuja kuungama.

Leo aliinama bibi kizee, pumzi juu juu,
mikono bado imeshika umbo la kitu kisichokuwepo.
Mtungi, akasema. Umefungwa kitambaa cha zambarau.
Nilipanda Tsuruhashi. Behewa la tatu. Au la nne.
Ndani yake?
Kabichi ya pilipili. Ya dada yangu.
Amelazwa, chakula cha hospitali hakimpiti kooni.

Nikampa fomu. Mahali pa jina
aliandika Takayama, akasita,
akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka,
akaandika Ko Wol-sun
taratibu, kama anayevaa nguo iliyokaa mno sandukuni.
Sikuuliza. Fomu haina kisanduku cha hilo.

Treni ya chungwa, nikamwambia, haina pa kwenda.
Zile za Nara huchepuka hapa hapa, za uwanja wa ndege pia,
na kilichosahauliwa humo nakisaka kwa simu siku tatu.
Hii ni pete. Dakika arobaini na kitu.
Maji yakimwagika hayazoleki, sawa,
lakini huku hupita tena mlangoni pako.

Akakataa kiti. Ilikuwa saa yangu ya chakula,
nikasimama naye jukwaani.

Tukaifuata kwa midomo:
sasa iko Shin-Imamiya, vibarua wanasogeza miguu;
sasa Taisho, sasa Bentencho,
sasa Osaka, ambako watu humwagwa na kuzolewa
kwa pumzi moja ya milango.
Temma.
Kyobashi, penye harufu ya mafuta ya kukaangia.
Kila kituo na kijimuziki chake cha kuagia,
naye alivijua vinne tu.
Nimeishi ndani ya pete hii miaka sabini na moja, akasema,
sijawahi kuizunguka yote.
Nikaona haya kumwambia kwamba mimi pia,
na kofia yangu hii.

Ikaingia. Harufu ya kitunguu saumu ilishuka kwanza,
ikafuatwa na abiria.
Rafu ya juu ilikuwa tupu.

Mtungi ulikuwa mapajani mwa kijana wa suti ya kijivu,
tai imelegea, kinywa wazi, usingizi wa mawe.
Huenda uliteleza, akaudaka.
Huenda alihofia utateleza.
Tone jekundu lilikuwa limetua gotini pake,
na viti viwili, kushoto na kulia, vimekimbiwa.
Tikiti yake ya mwezi ilining'inia mkobani: mwisho Fukushima.
Fukushima alishaipita, pengine mara mbili.
Mzigo wa mwenzio, husema watu, ni kanda la usufi.
Yeye aliukumbatia kwa mikono yote,
kama aliyeachiwa mtoto na mtu asiyemjua.

Niliinua mkono nimwamshe.
Bibi akanishika mkono wa shati.
Mwache.

Kijimuziki kikaanza.
Akaingia, akaketi kwenye kiti kilichokimbiwa,
akaweka kiganja juu ya kifuniko,
si kwa kuuchukua,
kwa kusaidia kuushika.
Milango ikafungwa, nikaona zambarau ikiondoka.
Dada yake atangoje dakika arobaini na kitu.

Nimerudi dirishani. Chini ya fomu pana visanduku viwili:
kimepatikana, hakijapatikana.
Kalamu imekauka hewani.

Mtu anagonga kioo, anainama.
Mwavuli, anasema.
Mweusi.