Kabla ya Bisibisi

Miaka thelathini na sita, Mtaa wa Makoroboi,
nimeishi kwa kufungua.
Saa haiongopi ikishavuliwa mgongo:
utaona jino lililolika, springi iliyochoka,
na vumbi la dagaa (mjini kwetu hata vumbi lina samaki)
limeganda kwenye ekseli nyembamba kama unywele.

Kwa hiyo moyo wangu ulipoanza kuruka hesabu,
du-du, du, kisha kimya
kirefu cha mtu aliyesahau alichotaka kusema,
kisha du-du-du-du, mbio, kama mdaiwa,
nikamwambia mke wangu, Holo: "Watanifungua."
Holo akaendelea kuchambua mchele.
"Wakikufungua," akasema, "watakuta ubishi."

Kliniki iko Isamilo, mlimani,
kando ya mawe mawili yaliyopandana
bila saruji, bila anayejua tangu lini.
"Mwangaluka, mzee," akasema Dokta Nyanzobe.
Akanivua shati, si ngozi.
Akanivisha kizibao cha nyaya, vibandiko mia na ishirini,
baridi kama tumbo la sato alfajiri pale Kirumba.
Hakuna kisu. Hakuna mrija wa kupitishwa pajani.
Kompyuta tu, imetulia kama mkwe ugenini,
inausikiliza mwili kwa nje.

Usikilizaji huo naujua.
Kabla ya bisibisi huiweka saa sikioni, nikafumba macho.
Lakini sijawahi kumwandikia mteja risiti
kwa sikio peke yake.

Kwenye kioo ukatokea moyo, wangu, ukizunguka,
umepakwa rangi kama ramani ya darasa la nne:
buluu, njano, na kule nyuma, chumba cha juu kushoto,
doa jekundu, punje ya mtama.
"Akili mnemba inakisia vurugu inaanzia hapo."
"Inakisia?"
"Asilimia themanini na moja."
Nikacheka. Fundi akikutajia themanini na moja
utamwachia saa, ndiyo,
ila utamwachia ile ya mtoto.

"Na ilijifunzia wapi?"
"Kwenye mioyo ya watu. Maelfu."
"Watu wa wapi?"
Akatazama dirishani. Ziwa lilikuwa jeupe, halina upepo,
feri ya Ukerewe ikilipita taratibu
kama kidole kwenye mstari wa kitabu.
"Wa mbali," akasema. "Wa huku ni wachache mno.
Ndiyo maana siiachii neno la mwisho.
Nitakupima tena, kwa njia zangu."

Nililipenda jibu hilo kuliko ile ramani.
Nimewahi kuuziwa uhakika;
vipuri vyake ninavyo bado, kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Basi uweke na wangu," nikasema.
"Ijue kwamba upo moyo wa Makoroboi,
wa miaka sitini na minane,
uliolelewa na ugali wa muhogo na kelele za cherehani,
na ambao asubuhi moja, bandarini,
ulisubiri meli isiyofika."
"Hilo halitaonekana humo, mzee."
"Najua. Weka tu."

Akaniletea karatasi. Nikasaini, herufi zikicheza.

Saa yangu ilikuwa kwenye bakuli la bati, pembeni,
ikijisemea.
Ilikuwa nyuma dakika nne.
Nikaivaa hivyo hivyo.