Hodi ya Ngezi

Wifi yangu Ndeshi, mzaliwa wa Marangu,
kaja Pemba na viatu vya kupandia mlima,
soli nene kama boflo, kamba nyekundu,
na fimbo ya chuma inayorefuka ukiibonyeza.
"Nionyeshe mlima wenu," kanambia pale Konde.
Nikamwonyesha.
Akangoja nimalize kunyoosha kidole.

Kwetu mlima ni pale baiskeli inapokushinda,
ukashuka, ukaikokota, mikarafuu ikikutazama.
Hatuna theluji. Tuna utelezi.

Getini Shaame aliandika majina yetu daftarini,
na saa ya kuingia, kama hospitali.
Akatazama vile viatu, akatazama ndara zangu,
hakusema neno.
Njia ikaingia chini ya mitondoo,
mwanga ukabaki barabarani na vumbi lake.

Ndeshi alitembea mwendo wa mtu aendaye mbali.
"Bado sana kufika juu?"
"Tumeshashuka," nikamwambia.
Akacheka, akashika mti asianguke,
na kule juu majani yakacheka naye:
kima punju, mama na mtoto, mikia ikining'inia.

"Hao waliletwa kutoka Unguja," Shaame akasema,
"babu zao, ndani ya makasha.
Siku za mwanzo walikaa wakitazama baharini.
Sasa wana wajukuu, hawaulizi njia."
Ndeshi akaacha kucheka.
Wiki nzima mama alikuwa akimwita "mgeni wetu",
akimpa sahani ile yenye maua,
ile isiyoliwa na mtu wa nyumbani.

Giza likatukuta humo, na ndiyo tuliyoyafuata.
Shaame akainua mkono.
Mbali, sauti moja: hu.
Kama mtu kapuliza mdomo wa chupa tupu.
Kimya. Kisha upande wa pili: hu.
"Kihodi," akanong'ona. "Bundi wetu.
Usiku kucha kazi yake kubisha."
"Na nani humkaribisha?"
Shaame akawasha tochi, akaielekeza chini,
tuone mizizi.

Tulirudi nyumbani umeme umekatika.
Ndeshi akanitangulia mlangoni, matope mpaka magotini,
akasema hodi, mara moja tu, kwa sauti ya chini.
"Nani?" mama akauliza kutoka jikoni.
Hakutaja jina. Akangoja, akasema tena: hodi.
Nikasikia mwiko ukiwekwa juu ya sufuria.
"Ingia we," mama akasema.
"Nani anabisha hodi kwake?"