Ukurasa wa Sitini na Moja

Makurdi, umeme umekatika tena.
Nguvan anafungua nakala kwa tochi ya simu:
ukurasa wa sitini na moja
herufi zote zimesimama kwa vichwa.
Nakala ya pili, vilevile. Ya kumi.
Mchapaji keshakula hela, simu hapokei.

Iorfa, aliyeitunga, muuza viazi vikuu,
amekuja mara tatu wiki hii
na kiazi kimoja kila mara, kama mleta posa.
"Kimetoka?" Hataji kitabu.
Anauliza kama mtu ambaye mkewe yuko leba.

"Riwaya ya Kitivi! Ungeshona sare za shule,"
kaka yake humwambia kila Krismasi.

Lakini jana fundi pancha wa ng'ambo ya mto
alileta naira mia tano, awamu ya mwisho,
kwa kitabu alichokwisha kukisoma humu humu dukani,
wima, akifunua kurasa kwa kiwiko
asizitie grisi.
"Nataka kiwe changu," alisema.

Basi wembe.
Anaikata karatasi, anaigeuza, anaibandika.
Mia tatu.
Gundi imemkauka vidoleni,
na jikoni kiazi cha Iorfa kinaungua.